Mtawa wa Kibuddha hakuombei muujiza, sasa anakusaidia nini?

Hapa Uganda mtu akiwa na shida ya moyo anajua pa kwenda. Mkatoliki anaenda kwa padri, mlokole anaenda kwa pasta wake na ikiwezekana kwenye mkesha wa Ijumaa, Muislamu anamwona shehe anasomewa dua, na wengine, tusidanganyane, wakishatoka huko kote usiku wanapita kwa mganga kwa mlango wa nyuma. Njia zote hizo zinafanana kwa jambo moja, unapeleka shida yako kwa mtu mwenye uwezo wa kufika mahali wewe hufiki, yeye anaongea huko kwa niaba yako halafu wewe unarudi nyumbani kungoja mambo yafunguke. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba Bulega pale Garuga, ukiacha barabara ya Entebbe kuelekea ziwani, kuna watawa wa Kibuddha, maswali yake ya kwanza ni yale yale: wanaombea? wanatoa mapepo? wana mafuta?

Jibu ni hapana, mara tatu. Na hapo watu wengi wanapoteza hamu kabisa, au wanaanza kushuku, maana kama hawaombei basi wanafanya nini mle ndani na zile nguo za rangi ya kutu.

Tuanze na hao watu wenyewe kwanza. Aliyeanzisha kituo hicho si Mhindi wala Mchina, ni Mganda, Bhante Buddharakkhita (Bhante ni jina la heshima la kumwita mtawa), jina la nyumbani Steven Kaboggoza, kazaliwa 1966 katika familia ya Kikatoliki. Alikutana na Ubuddha mwaka 1990 akiwa India, baadaye akapewa utawa 2002 huko California na mwalimu mkubwa wa Burma, U Silananda, halafu 2005 akaanzisha kituo cha Uganda. Huu wake ni Ubuddha wa Theravada, ule wa Sri Lanka, Burma na Thailand, na haya ninayoandika yote yanafuata mkondo huo, kwa sababu Wabuddha nao wana madhehebu na wa Tibet au Japani wangekueleza mambo kadhaa kwa namna nyingine. Na kwa idadi wako wachache sana. Sensa yetu ya 2014 ilionyesha Wakatoliki kama 39 kwa mia, Waanglikana 32, Waislamu karibu 14, walokole 11, Wabuddha wakaangukia kwenye yale makombo ya mwisho. Kwa hiyo ukikutana na mtawa Old Taxi Park ukadhani ni Mmaasai kapotea njia, hauko peke yako.

Sasa tuje kwenye kiini. Buddha mwenyewe alianza kama mtu wa kutafuta mwongozo, kama wewe tu. Siddhattha Gotama, mtoto wa familia kubwa ya ukoo wa Wasakya, anahesabiwa kuzaliwa Lumbini, leo iko Nepal, akaondoka nyumbani ana miaka 29 kwa sababu uzee, ugonjwa na kifo vilimkosesha usingizi. Akaenda kwa mwalimu aliyekuwa na jina enzi hizo, Alara Kalama, akajifunza kutuliza akili mpaka akamfikia mwalimu wake, na mwalimu akafurahi akamwambia tuongoze hili kundi pamoja. Ebu fikiria, mwanafunzi wa juzi unapewa nusu ya kanisa! Akakataa. Akaenda kwa wa pili, Uddaka Ramaputta, ikawa vile vile, huyu alitaka hata kumwachia wanafunzi wote, akakataa tena. Si kwamba walimu walikuwa matapeli, hapana, walimpa utulivu wa kweli, tatizo ni kwamba ukitoka kwenye ule utulivu unakuta tamaa na hofu zako zimekaa pale pale ulipoziacha zinakungoja. Akajaribu na kujinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika, nayo haikusaidia. Mwishowe, ana miaka 35, akakaa chini ya mti pale Bodh Gaya India na akaitazama akili yake mwenyewe inavyotengeneza mateso, hatua kwa hatua, mpaka akaona pa kuikatia ile kamba.

Hiyo stori inakuonyesha Ubuddha unamaanisha nini ukisema mwongozo. Mwalimu anaweza kukuonyesha jinsi ya kuangalia, kuangalia ni kwako. Hakuna mtu wa kati. Mtawa hana laini ya simu ya mbinguni ambayo wewe huna, alichonacho ni mazoezi ya miaka na ramani aliyoachiwa na waliomtangulia, na kazi yake ni kukukagua unapokosea njia na kukuambia hapo siyo, rudi, jaribu tena.

Halafu kuna ile habari ya Wakalama, ambayo mimi naona kama iliandikwa kwa ajili ya Kampala. Wakalama walikuwa wenyeji wa mji mdogo unaitwa Kesaputta, mji wa njiani, kila mhubiri alikuwa anapita hapo. Anakuja mmoja anasifia mafundisho yake na kuyaponda ya wengine, akiondoka anakuja mwingine anafanya hivyo hivyo kwa upande wake. Watu wakachoka. Buddha alipofika wakamwambia wazi, mheshimiwa, sisi tumechanganyikiwa, kati ya hawa nani mkweli na nani mwongo? Wewe panda taksi kutoka Wandegeya mpaka Bwaise ukisoma mabango ya makrusedi njia nzima, utawaelewa hao Wakalama.

Na yeye hakuwaambia niaminini mimi. Aliwaambia mna haki ya kuwa na shaka, jambo lenyewe linatia shaka. Msishike kitu kwa sababu tu mmesikia, au ni mila ya zamani, au kimeandikwa kwenye maandiko, au kinaingia akilini vizuri, au kwa sababu huyu ni mwalimu wetu. Mkijua wenyewe kwamba jambo fulani likifanywa linaleta madhara, na watu wenye busara wanalilaumu, liacheni. Mkijua linaleta heri, lishikeni. Akawauliza moja kwa moja: tamaa ikimpanda mtu moyoni inamletea heri au hasara? Hasira je? Upumbavu je? Wakajibu wenyewe.

Watu wa siku hizi, hasa mitandaoni, wanaichukua hiyo wanaigeuza kuwa amini unachotaka, kila mtu na ukweli wake. Sivyo. Ukisoma vizuri ameweka mizani mbili hapo, unapima kwa matokeo kwenye maisha yako, na bado unasikiliza wenye busara wanasema nini, kwa sababu akili yako peke yako inaweza kukudanganya mchana kweupe, mlevi pia anajua mwenyewe kwamba chupa moja ya waragi haina shida.

Haya, tuje kwenye utulivu, maana ndicho watu wanachotafuta hasa, mafundisho wanayavumilia tu. Kuna mafundisho ya mishale miwili na mimi ningekuwa na nafasi ya kumwambia mtu kitu kimoja tu kuhusu Ubuddha ningemwambia hayo. Buddha anasema mtu wa kawaida akipatwa na maumivu ni kama amechomwa mshale, halafu papo hapo anachomwa wa pili. Mshale wa kwanza ni jambo lenyewe. Wa pili ni yale anayoyaongeza moyoni, kulia, kulaani, kujipiga kifua, kuwaza. Mtu aliyejizoeza naye anachomwa, lakini mmoja tu.

Chukua mama anauza nyanya soko la Nakawa. Saa nne asubuhi simu inaingia meseji, shule wanasema binti amerudishwa nyumbani, balansi ya fizi, yaani karo, haijalipwa. Huo ni mshale wa kwanza na ni wa kweli, hela inatakiwa na haipo, hakuna meditesheni itakayolipa fizi, tusifanye mchezo. Ila angalia kinachofuata ndani ya dakika moja, nyanya bado ziko mkononi: wifi akisikia atacheka. Nilijua tu huyu mwanaume ni bure. Mtoto atafeli, atapata mimba, atakuja kuuza nyanya kama mimi. Mungu mwenyewe amenisahau. Mteja anauliza bei, mama anajibu kwa ukali, mteja anaenda kwa jirani. Mpaka jioni amekwisha kuchoka kama aliyelima ekari nzima, na ukihesabu, shule ilituma meseji moja tu, hizo nyingine zote zimetoka kwake. Tena mteja amekwenda, kwa hiyo hata ile hela imepungua.

Utulivu wa Kibuddha uko hapo, katikati ya mshale wa kwanza na wa pili. Kutojali siyo utulivu huo, wala kujifanya huumii. Ni kwamba huyo mama angeweza kuona lile wazo la wifi linaingia, akalitambua, ah, hili ni wazo, na asilifuate. Angebaki na shida moja ya ukubwa wake halisi, na akili ya kupigia mtu simu akope.

Zile Kweli Nne ambazo kila kitabu kinaanza nazo zinasema hayo hayo kwa mpangilio: maisha yana mateso na kutoridhika, wao wanaita dukkha, kinachoyalisha ni kiu yetu, ya kutaka vitu viwe, vibaki, au viondoke, kiu ikizimika mateso yanazimika, na kuna njia ya kufika huko. Njia yenyewe ina sehemu nane lakini kwa mtu wa mwanzo inatosha kujua zinaangukia mafungu matatu, mwenendo, mazoezi ya akili, na kuona mambo yalivyo.

Watu wanaruka mwenendo. Wanataka meditesheni, wanafikiri amani ni ufundi wa kupumua tu. Kumbe mwalimu wa Theravada ukimfuata vizuri, kitu cha kwanza atakupa ni zile amri tano za mtu wa nyumbani: usiue kiumbe, usichukue usichopewa, usifanye uchafu wa mapenzi, usiseme uongo, usitumie kilevi kinachopoteza fahamu. Na sababu haina uchawi wowote, mtu aliyedanganya mke wake mchana hawezi kukaa kimya usiku, ataona kwa nini. Na mbu? Hili swali lazima liulizwe nchi yenye malaria. Ndiyo, mbu ni kiumbe. Chandarua kazi yake ya kwanza ni kumzuia mbu asikufikie, anza nacho, mengine mtazungumza na Bhante.

Sasa kukaa kwenyewe. Chumba cha kupanga Kireka, pazia katikati, huku kitanda na huku sigiri na jerikeni. Umeamka kabla watoto hawajaamka, umekunja blanketi umekalia, mgongo umesimama, macho umefumba. Kazi ni moja tu, pumzi inaingia, jua inaingia, inatoka, jua inatoka. Ikiwa ndefu jua ni ndefu, fupi jua ni fupi, usiilazimishe. Pumzi ya tatu hivi, spika za kanisa la nyuma zinaanza sala ya alfajiri. Akili inasema hawa nao. Halafu inaenda kwa mwenye nyumba, kodi, halafu yule jamaa ana laki yangu mbili tangu Krismasi, halafu unajiona unamwambia maneno makali kabisa, unashinda ile kesi, uko peke yako kwenye blanketi umekunja ngumi. Ghafla unakumbuka, si nilikuwa naangalia... ah, pumzi.

Pale unapokumbuka, hapo ndipo zoezi lilipo. Watu wengi wanakata tamaa hapo hapo, wanasema mimi akili yangu haitulii, hii kitu ni ya wazungu. Lakini hujafeli, umekwisha kuona jambo ambalo siku zote linakuendesha bila kuliona: hasira ilivyoingia, ilivyokuwa tamu, ilivyokunja ngumi zako bila ruhusa. Buddha alitaja vikwazo vitano vya akili na utavikuta vyote ndani ya robo saa, kutamani, chuki, usingizi na uzito, mahangaiko na majuto, na shaka. Kikwazo hukivamii kwa fimbo. Unakijua jina, unarudi kwenye pumzi. Mara ya mia. Na zile spika si adui wa zoezi, sauti imesikika, imesikika basi, kinachokusumbua ni ile hawa nao.

Kuna wanaolazimisha pia, anasikia habari hizi leo kesho anataka kukaa saa tatu mfululizo magoti yafe. Alikuwepo mtawa wakati wa Buddha anaitwa Sona, alitembea akitafakari mpaka nyayo zikatoka damu, akaanza kufikiri kurudi nyumbani kula mali ya baba yake. Zamani alikuwa mpiga ala ya nyuzi, basi Buddha akamuuliza, nyuzi zikikazwa sana ala inalia vizuri? Hapana. Zikilegea sana? Hapana. Mtu yeyote wa Buganda anayejua kukaza nyuzi za endongo angemjibu hivyo hivyo. Kwa mtu anayeanza, dakika kumi kila siku ni bora kuliko Jumapili moja ya kishujaa.

Kama pumzi inakukataa kabisa kuna mazoezi ya metta, unaitakia heri nafsi yako, halafu mtu unayempenda, halafu mtu wa kawaida kama yule wa duka la mobaili mani ambaye hujui hata jina lake, halafu ndiyo unafika kwa mgumu. Usianze na mgumu. Anayeanza na aliyemdhulumu kiwanja atamaliza zoezi na presha.

Nirudi kwa mwongozo, maana mtu anaweza kusema kama yote ni kazi yangu mwalimu wa nini, si nitaangalia YouTube. Siku moja Ananda, aliyekuwa akimhudumia Buddha, alisema kwamba marafiki wema ni nusu ya maisha haya ya kiroho. Buddha akamkatiza, usiseme hivyo Ananda, ni yote. Kwa hiyo neno la nafanya peke yangu halina mizizi kwenye Ubuddha. Ila angalia amesema marafiki. Na kwenye mawaidha aliyompa kijana mmoja wa mjini, Sigala, alieleza rafiki wa kweli anajulikanaje: anakusaidia, yuko nawe raha na shida, anakuambia linalokufaa hata kama linauma, anakuonea huruma. Wa bandia ni yule anayechukua tu, mwenye maneno mengi kazi hakuna, anayekusifia mbele akikuponda nyuma, na yule wa kukusindikiza kwenye upotevu. Huo upotevu ameutaja kwa majina, pombe, kuzurura usiku, maonyesho, kamari, marafiki wabaya, uvivu. Zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita huyu mzee alikuwa anaongea na vijana wa beti za mpira wa Kabalagala.

Orodha hiyo ipime hata kwa mwalimu wa dini, pamoja na wa Kibuddha. Mwalimu anayekutenga na ndugu zako, anayetaka uamini kwanza uelewe baadaye, anayekutoza hela ndipo upate baraka, hata kama kavaa joho la utawa, mkimbie. Kwa kanuni zao watawa wa Theravada hawatakiwi kupokea pesa wala kuzitunza, wanaishi kwa chakula wanachopewa, na hawali baada ya saa sita mchana. Mafundisho hayauzwi. Unatoa ukitaka, na usipotoa hakuna mtu atakuambia mbegu hujapanda ndiyo maana viza imekataliwa.

Na je, huku ni kumwacha Mungu? Hapa nitasema ninavyoona, sipendi wale wanaosema dini zote ni kitu kimoja, wanasema hivyo ili wageni wasiogope. Kuna tofauti na ni kubwa. Buddha hakufundisha Mungu muumba. Alifundisha kuzaliwa tena, alifundisha kwamba hakuna nafsi ya kudumu isiyobadilika ndani yetu, na hayo Mkristo au Muislamu aliyesimama vizuri kwenye imani yake hawezi kuyameza. Maswali kama dunia ni ya milele au si ya milele aliyaweka kando makusudi. Mtawa mmoja alimtishia, usiponijibu haya naacha utawa, akaambiwa wewe ni mtu aliyechomwa mshale wenye sumu na anakataa usitolewe mpaka aambiwe aliyempiga ni wa kabila gani, mrefu au mfupi, na upinde wake ni wa mti gani. Atakufa hajajibiwa.

Lakini kukaa na pumzi, kuangalia hasira, kuacha uongo, kumtakia heri jirani, hayo hayakudai ubadili jina wala ufiche rozari. Wapo wanaokwenda kwenye mafunzo na Jumapili wako kanisani. Kuwa Mbuddha ni hatua nyingine, unatamka kwamba unamkimbilia Buddha, mafundisho yake na jamii ya watawa wake, na hiyo hatua hakuna wa kukusukuma. Ukisukumwa rudi juu kasome tena ile orodha.

Sanamu je, maana ndugu zangu wa dini zote mbili wanakwama hapo. Watu wanaiinamia, kweli. Ila haiombwi kitu, kwa mafundisho Buddha amekufa, alifia Kusinara akiwa na miaka 80, hakuna mtu ndani ya lile jiwe wa kukupa kazi au mume. Kuinama ni heshima, kama Mganda anavyopiga magoti kumsalimu jajja, yaani babu au bibi yake, hajamfanya jajja Mungu. Tena kwa karne kadhaa za mwanzo Wabuddha hawakuchonga sura yake kabisa, walichora nyayo, gurudumu au mti, sanamu za umbo la mtu zilianza kuenea kama karne ya kwanza baada ya Kristo huko Gandhara na Mathura. Kwamba wapo Wabuddha wanaoziomba bahati nasibu, wapo, kama wapo Wakristo wanaoweka Biblia chini ya mto kufukuza ndoto mbaya.

Mtu mwenye msiba anakuwa na swali zito kuliko hayo yote, na kwake kuna Kisa Gotami. Mtoto wake wa pekee alikufa, akakataa, akabeba maiti ya mtoto nyumba kwa nyumba akiomba dawa mpaka watu wakamwona kichaa. Mtu mmoja akamwelekeza kwa Buddha. Hakumhubiria. Hakumwambia ni mapenzi ya Mungu, wala usilie. Alimwambia dawa ipo, niletee punje za haradali, ila zitoke kwenye nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Akaenda. Haradali kila nyumba ilikuwepo, kila nyumba wakampa, halafu akauliza lile swali la pili: hapa tumemzika baba, hapa mwanangu, hapa mke wangu mwaka jana. Jioni akawa ameelewa, akaenda kumzika mtoto.

Sisi wenye mazoea ya matanga, ya kukesha na wafiwa na kuchanga mabugo, ile michango ya rambirambi, kuna kitu hapo tunakifahamu bila kufundishwa, kukaa na wengine waliopitia hilo ndiyo dawa yenyewe. Na angalia mwongozo aliopewa ulikuwa wa aina gani, ni kazi ya miguu. Angeambiwa tu kila mtu anakufa angekasirika, na haki yake.

Lakini lazima niseme na hili, na watawa wenye akili wanalisema pia, kukaa kimya na akili yako si dawa ya kila ugonjwa. Mtu ambaye wiki nzima halali, hali, anasikia sauti, au anawaza kujitoa uhai, huyo kumfungia kwenye mafunzo ya kimya ya siku kumi ni kumwongezea moto. Huyo ni wa kupelekwa hospitali, ile ya magonjwa ya akili ya Butabika ipo kwa kazi hiyo na kwenda huko si aibu, vidonge na kaunselingi kwanza, blanketi na pumzi baadaye akishapata nguvu, na daktari ajue.

Kwa anayetaka kujaribu, Garuga inafikika, unashuka taksi barabara ya Entebbe halafu boda boda. Piga simu kwanza uulize siku za mafunzo. Vaa nguo za heshima zinazokuruhusu kukaa chini, viatu unaviacha mlangoni, na ukikaa usielekeze nyayo kwa sanamu wala kwa mtawa. Dada zangu, mtawa hawapi mkono, siyo dharau, ni kanuni yake, mikono miwili kifuani inatosha. Ukipeleka chakula kifike kabla ya saa sita. Siku kuu yao ya mwaka ni Vesak, mwezi mpevu wa Mei kwa kawaida, wanakumbuka kuzaliwa, kuamka (kule kuelewa kwake chini ya mti) na kufa kwa Buddha kwa pamoja, siku hiyo wageni wanakuwepo na ni rahisi kuuliza maswali bila kuonekana mgeni peke yako. Na uliza unachotaka kuuliza, hata lile la mapepo.